Zuhura na Yule Mimi wa Kitabuni

Ghala letu la maharage liko Mfaranyaki, hapa Songea, na ukipita nje asubuhi utasikia sauti ya mwanamke mmoja tu. Usidhani ni redio. Redio tulikuwa nayo, ikaharibika, na msimamizi wetu Sixbert aliahidi kuipeleka kwa fundi mpaka tukachoka kumuuliza. Sauti unayoisikia ni ya Zuhura, anatusomea.

Kazi yenyewe ni ya kukaa. Unakalia gunia tupu, unaweka ungo mapajani, unachambua: mawe huku, yaliyoliwa na wadudu huku, mazuri kwenye bakuli. Tunalipwa kwa gunia. Mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio hayana, na zamani masikio yetu tulikuwa tunayalisha umbea. Umbea ni mtamu, lakini ukikaa chumba kimoja na watu wale wale mwaka mzima, mwisho mnaanza kusemana wenyewe. Tulishawahi kurushiana nyungo.

Siku moja ya mvua Zuhura aliokota kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, akaanza kukisoma kwa sauti. Ilikuwa habari ya ng'ombe aliyeingia dukani huko mkoa mwingine, na habari yenyewe ilikatika katikati kwa sababu karatasi ilikuwa imechanika. Tulikasirika kweli kweli. Kesho yake Jane alileta gazeti zima, na tangu hapo Zuhura hakuchambua tena. Yeye anasoma, na sisi kwa zamu tunamwaga bakuli moja moja kwenye gunia lake, jioni linakuwa limejaa sawa na la yeyote. Sixbert alitazama, akaona watu wanaosomewa hawanyanyuki ovyo kwenda nje, akanyamaza.

Mimi naitwa Hilda, na mdomo wangu Mfaranyaki nzima inaufahamu. Kwa hiyo ninayosema kuhusu Zuhura si ya kumpamba. Ni mtu wa Nakapanya, kule Tunduru, Myao, mwembamba, ushungi hautoki kichwani hata joto liwe la namna gani. Alikuja Songea na mumewe Daimu, fundi wa kujenga. Mume akaenda Msumbiji kwenye machimbo ya rubi, hakurudi, hakupiga simu, hakumtuma mtu. Hakumpa talaka pia. Mwanamke akabaki si mke, si mjane, si mtalaka, na hilo lilimuuma kuliko njaa. Kupelekana kwenye mabaraza hakutaka. Alisema Daimu alimwoa mbele ya wazee, na amwache mbele ya wazee.

Akisoma hana mbwembwe. Hapandishi sauti akifika kwenye ugomvi, halii akifika kwenye kilio. Anasoma pole pole, sawasawa, mpaka unasahau kuna mtu anasoma.

Magazeti yalipotuchosha tukahamia kwenye simulizi za kwenye simu, bando likatushinda, ndipo Zuhura akanunua kitabu sokoni. Kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Hatukujua kinaitwaje wala kimeandikwa na nani. Kilianzia katikati ya maneno: "nami nikajua siku ile kwamba sitaweza kuzeekea kijijini." Aliyekuwa anasimulia hakujitaja jina hata mara moja, kila mahali ni mimi, mimi. Basi na sisi tukampa jina hilo. Ukiingia asubuhi unasikia, "Jana tulimwacha wapi Mimi?" na mwingine anajibu, "Tulimwacha stendi, kaibiwa begi."

Nilimpenda Mimi, sioni sababu ya kuficha. Alikuwa mwongo, alikuwa mvivu wa kazi za watu, alikopa na kuhama. Angekuwa jirani yangu ningemsema kuanzia bombani mpaka kanisani. Lakini mtu akikaa anakuambia mimi, mimi, siku baada ya siku, unajikuta umeingia ndani yake bila kubisha hodi. Njaa yake unaisikia kwenye tumbo lako. Akidanganya, unajua kwa nini amedanganya, na ukishajua kwa nini, umekwisha kumsamehe nusu. Siku alipolala barazani kwa watu Mbeya, na mvua inampiga, nililia mpaka nikachanganya maharage mabovu na mazuri, Sixbert akanirudishia gunia zima.

Aliyezidi wote ni Bi Adela. Huyu ni mama wa Madaba, mtu mzima sana, anakuja ghalani kwa sababu kukaa nyumbani kunamchosha.

"Huyu kijana mama yake yuko wapi?" aliuliza.

"Bibi, ni hadithi tu," Jane akamwambia.

"Hadithi ni ya sungura na fisi. Sungura anasemwa, hasemi mwenyewe. Huyu anasema mwenyewe, basi yupo."

Jumamosi yake kwenye sala za Jumuiya ya kanisani, ilipofika zamu ya maombi, Bi Adela aliwaombea wagonjwa, akaombea mvua, kisha akasema, "Tumwombee na kijana mmoja msafiri, asiye na mtu wa kumpikia." Mwenyekiti hakuuliza ni nani. Tukaitikia wote, ee Bwana twakuomba utusikie, na mimi niliyejua nikaitikia kwa nguvu kuliko wengine.

Kisha tukafika mahali Mimi anaporudi nyuma kutusimulia jinsi alivyoondoka kijijini. Nayakumbuka maneno kwa sababu tulimwomba Zuhura ayarudie: "Niliondoka kabla ya jua. Mke wangu alisimama mlangoni, amenuna, ndivyo alivyokuwa siku zote. Sikugeuka nyuma. Barabara ilinukia mvua, na kwa mara ya kwanza nikajiona mwanamume."

"Nenda, baba," Jane akasema, na ghala zima likacheka. Hakuna aliyemwazia yule mke. Alikuwa mlango tu, Mimi ameupita. Zuhura alifunga kitabu kidole kikiwa ndani, akanywa maji, akaendelea na sura iliyofuata kwa sauti ile ile.

Kesho yake alitusomea kitu kingine. Alishika kitabu vile vile, macho kwenye karatasi, lakini aliyekuwa anasema mimi sasa alikuwa mke. Alieleza alivyomwona mumewe akifunga kamba za viatu gizani, akipapasa asiwashe taa. Alieleza mgongo wake ukienda, begi likimpiga nyongani, na kwamba alipofika kwenye mgomba wa jirani akaanza kupiga mluzi. Mluzi ule ulitukata. Siku zote zile tulikuwa ndani ya Mimi, tukitazama anakokwenda, hatukuwahi kumwona mgongo. Kwa Mimi mwenyewe kuondoka kulikuwa huzuni na ushujaa. Kumbe huku nyuma alionekana mtu anayekwenda zake akipiga mluzi.

 Jane, ambaye anajua kusoma, akainuka, akachukua kitabu, akatafuta ukurasa.

"Hakuna mluzi humu," akasema. "Wala mke hasemi humu ndani. Zuhura, haya umeyatoa wapi?"

"Nimesoma alichokiona aliyekuwa mlangoni."

Nilipandwa na hasira. "Sisi tunakujazia gunia usome, dada, si utunge. Umetuharibia mtu wetu."

"Nyie hamkutaka kujua na yule aliona nini?"

"Tulitaka kujua Mimi atafika wapi," nikamjibu, na ndiyo ilikuwa kweli tupu.

Hakubishana. Alirudi kwenye kitabu kama kilivyoandikwa, na Mimi akafika Dar es Salaam, akapata kazi, akapata na mwanamke mwingine. Lakini kila alipofungua mdomo kusema jambo zuri, mimi nilisikia mluzi. Utamu ulipungua nusu, na nilimkasirikia Zuhura kwa hilo. Jumamosi kwenye Jumuiya sikumsikia tena yule kijana msafiri. Bi Adela aliwaombea wake walioachwa, bila kutaja jina.

Kitabu kilikuwa hakijaisha, Daimu akarudi.

Alikuja mwenyewe ghalani, mchana, na mfuko wa sukari. Mtu mfupi, mchangamfu, shati limepigwa pasi. Akampigia goti Bi Adela, "Shikamoo, bibi," akavuta gunia akakaa katikati yetu, wala hakungoja kuulizwa. Akaanza. Mimi nilifika Msumbiji sina hata blanketi. Mimi nilichimba shimo ambalo ukiwa ndani hulioni jua. Mimi niliugua malaria mpaka wenzangu wakaanza kugawana nguo zangu. Simu iliibiwa, namba zikapotea, aibu ikanizuia kurudi mikono mitupu. Usiku nilikuwa namwita mke wangu kwa jina. Sasa nimepata kidogo, nimeinua boma la nyumba Tunduru, nimekuja kumchukua mwenye nyumba.

Mungu anisamehe, nilifuta machozi. Jane alimwongezea chai. Zuhura alikuwa amekaa na kitabu mapajani, kimefungwa, anatusikiliza sisi tunavyomsikiliza Daimu.

Alipoondoka nikamwambia, "Mrudie, dada. Yule mwanamume ameteseka."

"Ameteseka, sikatai," Zuhura akasema. "Lakini umeona ulivyolainika? Amekaa hapa muda wa kuchambua bakuli moja, na tayari uko upande wake. Wewe uliyekuwa unamtukana tangu unifahamu."

Nilivuta ungo, nikaanza kuchambua upya. 

Akatueleza lililokuwa mbele yake. Mjomba wake, mzee Twaha, anakuja kutoka Nakapanya kuketisha kikao. Kwao Wayao mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na huyu ndiye aliyebaki kumlea baada ya mama yake kufariki. Mjomba akisema rudi, Zuhura atarudi, kwa sababu hawezi kumvunjia heshima mtu aliyemfuta machozi. Yeye anataka talaka yake, awe mtu huru, na hana namna ya kuishinda hadithi ya Daimu.

"Yeye ataanza kusema, maana ndiye aliyeleta maombi," alisema. "Mpaka zamu yangu ifike watakuwa wameshaingia ndani yake wote. Nitaonekana mwanamke mwenye roho ngumu, basi. Njooni mkae upande wangu, hata kama hamtasema kitu."

Tulikwenda, mimi na Bi Adela. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, kwenye chumba chake cha kupanga kule Bombambili, mkeka umetandikwa. Mzee Twaha alikaa ukutani, kofia yake nyeupe, mtu wa maneno machache. Daimu alikuja na kaka yake Abuu. Tukaamkiana, dua ikasomwa, na ilikuwa kama Zuhura alivyosema, Daimu akapewa nafasi ya kwanza.

Alisimulia vizuri kuliko ghalani. Shimo, malaria, nguo zilizogawanwa. Nilijiandaa nisilainike, nikalainika. Bi Adela alikuwa ameshatoa leso. Mzee Twaha alitikisa kichwa taratibu, na kila alipotikisa nilimwona Zuhura akikunja vidole vya miguu chini ya kanga.

Ndipo Daimu akarudi nyuma kidogo, apate kueleza vizuri. "Mjomba, siku ile niliondoka alfajiri na uchungu mwingi. Huyu alisimama mlangoni, amenuna, hakuniambia hata kwaheri. Nikasema moyoni, haya, ngoja nikatafute, nikirudi na kitu atacheka."

Bi Adela alinigeukia na mimi nikamgeukia. Amenuna. Neno lile lile. Sidhani Daimu alikuwa amewahi kukiona kile kitabu. Ndivyo tu anavyoonekana mwanamke mlangoni kwa mtu anayeondoka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilijiuliza kama kweli alikuwa amenuna.

Mzee Twaha akasafisha koo. "Mpwa wangu, umemsikia mwenzio. Kuteseka ameteseka, na amerudi kwa adabu. Nawe sema."

Nilidhani naye ataanza: mimi nilibaki, mimi nililala njaa. Hakufanya hivyo.

"Mjomba, naomba Daimu aisimulie tena ile asubuhi. Asubuhi tu, si safari. Lakini mara hii asiwe yeye. Awe mimi niliye mlangoni."

"Haya ni mambo gani sasa?" Abuu akasema. "Tumekuja kusuluhisha, tunafanya maigizo?"

"Mwache," mzee Twaha akasema. "Ameomba jambo dogo."

Daimu alitabasamu, akasimama. Kusimulia hakukuwa kunampa shida. "Haya. Mimi ni Zuhura. Nimesimama mlangoni, mume wangu anaondoka. Nimenuna."

"Umenuna kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sitaki aende."

"Endelea. Ameshapinda kona, humwoni tena. Umegeuka, umeingia ndani. Unafanya nini?"

Daimu akafikiri. "Nimekaa kitandani. Nalia."

"Halafu?"

"Halafu, nimekwenda kuteka maji."

"Nani amekubebea?"

"Nimebeba mwenyewe, si ulikuwa unabeba mwenyewe siku zote?"

"Wiki ile sikuweza kubeba. Endelea. Nini kinaniuma?"

 Alitazama mlango, akatazama mikono yake, na tabasamu likafifia taratibu. Tulimngoja. Mtu aliyeweza kukueleza rangi ya udongo wa shimo la Msumbiji alikuwa amesimama katika chumba alichokipanga mwenyewe na haoni kitu ndani yake.

"Sijui," akasema mwisho.

"Hilo nakuamini," Zuhura akamwambia, na hapakuwa na hasira ndani yake. "Sikununa, Daimu. Nilikuwa nimebana mdomo nisitapike. Ulipopinda kona nikatapika pale pale kizingitini. Nilikuwa na mimba, nilikuwa nangoja nihakikishe ndipo nikuambie."

Abuu alisema, "Subhanallah," kwa sauti ndogo. Mzee Twaha hakushtuka. Alikuwa anatazama mkeka, na nikaelewa kwamba yeye alijua.

"Alizaliwa kabla ya siku zake. Wa kiume. Asubuhi alikuwepo, alasiri hakuwepo. Mjomba alisafiri kutoka Nakapanya kuja kumzika, maana baba yake sikujua nimtafute wapi." Akaweka sawa ushungi wake. "Shida zako nimezisikia zote, na nimekuonea huruma, wallahi. Lakini ndani ya hadithi yako mimi sijazaa na sijafiwa. Nikikurudia nitaishi humo, na humo mimi ni mwanamke aliyenuna tu. Siwezi."

Daimu alikaa chini.  Kisha akauliza kitu kimoja, bila ule ufasaha wake, maneno yakimkwama.

"Mlimpa jina?"

"Muhsini."

Alilitamka mwenyewe mara moja, taratibu. Halafu akamgeukia mzee Twaha, akamwomba ruhusa, na mbele yetu sote akampa Zuhura talaka yake bila mtu kumsukuma. Abuu alilia. Daimu hakulia, na nilimwonea huruma zaidi kwa sababu hiyo. Alikuwa amekuja kuchukua mke, akaondoka amefiwa na mtoto.

Tulitoka mimi na Bi Adela, tukawaacha wenyewe na mambo yao. Jua lilikuwa bado lipo. Tulipofika barabarani Bi Adela akanishika mkono, akasimama.

"Hilda, wewe ulijua kwamba amezaa?"

"Sikujua, bibi."

"Tumekaa naye ghalani miaka yote hii. Kutwa tunamsikiliza. Kwa nini hakutuambia?"

Nilitafuta la kumtupia Zuhura, maana ndiyo tabia yangu, nikalikosa.

"Hatukumuuliza," nikasema.